Jinsi ya Kujibu Maswali ya Upatanisho wa Viwakilishi na Usambamba katika Mitihani ya Kiswahili

Mtahiniwa aliyekulia kwenye Kiswahili mara nyingi ndiye anayepoteza alama za bure kwenye maswali ya upatanisho, yaani ya viambishi vinavyoifuata nomino kwa ngeli na idadi. Anaisoma sentensi kichwani, anaona inasikika sawa, anachagua jibu na kusonga mbele. Mtahini alilitarajia hilo. Kati ya majibu manne aliyoyaweka, matatu yametungwa makusudi ili yasikike sawa kwa mtu asiyesimama kujiuliza: kiambishi hiki ni cha nani?

Swali hilo fupi ndilo linalofungua maswali yote ya viwakilishi. Kwa usambamba, yaani kuweka vitu vya aina moja upande kwa upande, jiulize jingine: neno hili la kuunganisha linaunganisha nini na nini? Ukiyazoea haya mawili, hutahitaji kukariri mambo mengi kama watu wanavyodhani. Na kazi hii inalipa: katika karatasi ya pili ya Kiswahili (102/2) ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, alama 40 kati ya 80 hutoka kwenye sehemu ya matumizi ya lugha, na upatanisho hujitokeza humo hata katika maswali ambayo hayautaji kwa jina.

Itafute nomino tawala kwanza

Tazama swali hili:

Ufunguo wa milango ya vyumba hivyo ____ tangu jana.
A. vimepotea
B. imepotea
C. umepotea
D. zimepotea

Kila jibu lina nomino yake. A inapatana na vyumba, B na milango, na D na funguo, yaani wingi wa nomino sahihi. Jibu ni C kwa kuwa kilichopotea ni ufunguo, nao ndio nomino tawala. Huku kutunga majibu ya kupotosha si kwa bahati. Mtahini huchukua nomino iliyo jirani na pengo na kuipa jibu, kisha huchukua nomino nyingine ya katikati na kuipa jibu, halafu hugeuza umoja kuwa wingi.

Dawa yake ni penseli. Zungushia nomino ya kwanza, kisha weka mabano kuanzia a-unganifu ya kwanza (wa, ya, la, cha, vya, za, pa, kwa, mwa) hadi mahali kitenzi kikuu kinapoanza: Ufunguo [wa milango ya vyumba hivyo] umepotea. Ukisoma sentensi bila mabano, jibu linajitokeza lenyewe. Fanya hivyo hivyo kishazi kirejeshi kikiingia katikati: Kitabu [alichokiandika mwalimu aliyestaafu] kimepotea. Mwalimu yuko karibu zaidi na pengo, lakini hakupotea yeye.

Usipokuwa na hakika ya ngeli (kundi) ya nomino, iweke kwenye sentensi fupi ya kitenzi kimoja, kwa umoja na kwa wingi: ukuta umeanguka, kuta zimeanguka, ugonjwa umeenea, magonjwa yameenea, jino limeng'oka, meno yameng'oka. Viambishi viwili unavyovipata ndivyo jina la ngeli. Vitabu vingine huzitaja ngeli kwa viambishi vya nomino yenyewe (M-WA, M-MI, JI-MA), vingine kwa viambishi vya kitenzi (A-WA, U-I, LI-YA). Kwa kujibu maswali, mpangilio wa pili una faida zaidi, kwa kuwa unakupa kipatanishi moja kwa moja.

Virejeshi na namna vinavyofanana

Kirejeshi, kinachorudi kwenye nomino iliyokwisha kutajwa, ndicho kiwakilishi kinachoangusha wengi. Hivi ndivyo kinavyokwenda, umoja kisha wingi:

A-WA: ye, o (mtu ambaye, watu ambao)
U-I: o, yo (mti ambao, miti ambayo)
LI-YA: lo, yo (jiwe ambalo, mawe ambayo)
KI-VI: cho, vyo (kiti ambacho, viti ambavyo)
I-ZI: yo, zo (nyumba ambayo, nyumba ambazo)
U-ZI: o, zo (ukuta ambao, kuta ambazo)
U-YA: o, yo (ugonjwa ambao, magonjwa ambayo)
KU: ko (kuimba ambako)
PA-KU-MU: po, ko, mo

Nomino zisizo na umoja na wingi hubaki na kirejeshi kimoja: sukari ambayo, unga ambao, maji ambayo. Ukiambiwa uandike sentensi katika wingi na ndani yake mna sukari hiyo, iache ilivyo. Sukari hizo ni alama iliyopotea kwa bidii ya bure.

Sasa itazame orodha vizuri. Ambao imejitokeza mara nne: watu ambao, mti ambao, ukuta ambao, ugonjwa ambao. Ambayo nayo imejitokeza mara nne: miti, mawe, nyumba moja, magonjwa. Hapo ndipo sikio linapodanganya. Mtu akigeuza ukuta ambao kuwa wingi, anaandika kuta ambao, kwa sababu ambao tayari inasikika kama wingi kutokana na watu ambao. Ukikutana na ambao au ambayo kwenye majibu, usiikubali wala kuikataa kabla ya kutaja ngeli na idadi ya nomino yake.

Nomino za I-ZI zina shida yake. Nyumba, barua, kalamu, meza hazibadiliki sura. Idadi yake hujulikana kwa vipatanishi tu. Kwa hiyo soma sentensi hadi nukta kabla hujachagua:

Barua ____ mwalimu zimefika.
A. aliyoandika
B. alizoandika
C. zilizoandika
D. ambazo alizoandika

Idadi ya barua imefichwa mwishoni, kwenye zimefika. A ingefaa kama sentensi ingeishia na imefika. C inazifanya barua ziwe ndizo zilizoandika. D imerejesha mara mbili. Jibu ni B, na inafaa kuivunja vipande: a- ni ya mwalimu aliyeandika, -li- ni wakati, -zo- ni ya barua. Kitenzi kimoja kimebeba nomino mbili, kila moja na kiambishi chake. Watahiniwa wengi hudhani viambishi vyote ndani ya kitenzi ni lazima vipatane na nomino moja. Hapo ndipo C inapowavuta.

Makosa ya kirejeshi ndani ya kitenzi

Kosa lililo maarufu kuliko yote ni hilo la D: kutumia amba- na O-rejeshi (kirejeshi kilicho ndani ya kitenzi) pamoja. Kitabu ambacho nilichokisoma si sahihi. Chagua moja: kitabu ambacho nilikisoma, au kitabu nilichokisoma. Kumbuka kwamba -ki- ya nilikisoma si kirejeshi. Ni kiambishi cha yambwa (kinachotendwa), kwa hiyo kinaweza kukaa na amba- bila ugomvi.

Pili, O-rejeshi haikai na kila wakati. Inakaa na -na- (anayesoma), -li- (aliyesoma) na wakati ujao, ambao hapo huwa -taka- (atakayesoma). Haikai na -me- wala na hu- ya mazoea. Ukipewa sentensi Mgeni amefika. Mgeni huyo ni daktari na kuambiwa uziunganishe kwa O-rejeshi, jibu ni Mgeni aliyefika ni daktari, ambapo -me- imeachia -li- nafasi. Ukiambiwa utumie amba-, -me- inabaki: Mgeni ambaye amefika ni daktari. Katika ukanushi, -si- huchukua nafasi ya wakati: asiyesoma, kitabu nisichokijua.

Tatu, kirejeshi kikienda mwisho wa kitenzi, kiambishi cha wakati huondoka: asomaye, vitabu tusomavyo. Vitenzi vya silabi moja hupoteza ku- yake hapo: ajaye, mwaka ujao, lakini anayekuja, aliyekuja. Swali likitaja O-rejeshi tamati (hiyo ya mwisho wa kitenzi) na wewe ukaandika anayesoma, Kiswahili chako ni safi lakini hujajibu swali.

Ndi- ya msisitizo nayo hufuata nomino: ndiye, ndio, ndilo, ndiyo, ndicho, ndivyo, ndizo, ndiko, ndipo, ndimo. Hiki ndicho kitabu nilichokuwa nikikitafuta. Hesabu mara ambazo kitabu kimegusa sentensi hiyo: hiki, ndicho, -cho- na -ki- ya yambwa. Mtahini akitaka kukutega, atabadilisha mmojawapo tu, na mara nyingi atabadilisha ndi-, kwa kuwa mazungumzoni watu husema ndio kwa kila kitu.

Mitego ya ngeli

Viumbe wenye uhai hupatanishwa kwa A-WA hata nomino ikianza kwa ki-, vi-, m-, n- au chochote. Kiongozi aliyechaguliwa, vifaru wale wawili, kipepeo huyu, vyura hawa. Ndege anayetua mtini ni aliyetua. Ile inayotua uwanjani ni iliyotua. Kipatanishi ndicho kinachokueleza ni ndege gani, na swali la maana za neno hutungwa juu ya hilo hilo.

Udogo na ukubwa huvunja kanuni hiyo kwa makusudi. Ukimfanya mtoto kuwa kijitoto, anaingia KI-VI: kijitoto kile kinalia. Ukimfanya toto, anaingia LI-YA: toto lile linalia, matoto yale yanalia. Basi utajuaje kama ki- ni ya udogo? Iondoe uone kama nomino ya kawaida inarudi. Kijitoto kinarudi kuwa mtoto, kwa hiyo ni udogo. Kiongozi na kipofu havina nomino ya kawaida ya kurudia katika matumizi ya sasa. Ki- ni mwili wa neno lenyewe, na upatanisho ni wa A-WA. Kijana ana umbo la udogo, lakini katika Kiswahili sanifu anabaki kijana huyu, vijana hawa.

Nomino za udugu na urafiki zisizobadilika kwa umbo, kama dada, kaka, ndugu na rafiki, huchukua y- na z- kwenye kimilikishi, huku kitenzi kikibaki A-WA: rafiki yangu amefika, dada zangu wamefika. Usiisambaze kanuni hiyo kwa watoto zangu. Watoto ni wangu.

Mtu yoyote ni kosa linalosikika kila siku, hata kwa watu wanaolipwa kuzungumza. Kwa A-WA umoja ni yeyote. Wengine: mti wowote, jambo lolote, kitu chochote, vitu vyovyote, nyumba yoyote, nyumba zozote, mahali popote. Kwenye -ote, nafsi ya kwanza na ya pili wingi zina sura zake, sisi sote na ninyi nyote, na mtahini hupenda kuweka sisi wote kati ya majibu.

Mahali hupatana kwa pa-: mahali pazuri ambapo tulipumzika. Nomino yenye -ni huchagua kati ya pa-, ku- na mu- kulingana na maana: po kwa mahali mahususi, ko kwa mahali pasipo dhahiri au palipo mbali, mo kwa ndani. Nyumba anamoishi, mji anakotoka, pale aliposimama. Ukiona ambapo imetumiwa kuunganisha sentensi zisizohusu mahali wala wakati, kama Alishinda mbio ambapo alipewa zawadi, hiyo ndiyo sentensi yenye kosa: alishinda mbio, akapewa zawadi.

Kila, kundi, baadhi

Kila huita umoja, na umoja huo husafiri hadi mwisho wa sentensi: Kila mwanafunzi alete kitabu chake. Jibu lenye vitabu vyao huvutia kwa sababu akilini umeona darasa zima. Mmoja wa nayo ni umoja: Mmoja wa walimu wetu amestaafu.

Kundi, jopo, umati, kikosi na nomino nyingine za makundi hupatanishwa kwa ngeli zake zenyewe, si kwa walio ndani: Kundi la wanafunzi limewasili, Umati wa watu ulisambaa. Baadhi ni tofauti. Baadhi ya vitabu vimepotea. Baadhi ya wageni wameondoka. Hapa kitenzi huifuata nomino iliyo nyuma ya baadhi ya, kwa hiyo kanuni ya mabano isitumike. Ni mojawapo ya sehemu chache ambazo penseli itakupotosha, na inafaa kuijua kabla ya siku ya mtihani.

Kwenye vimilikishi, tenganisha nusu mbili za neno. Vyake: vy- ni ya kinachomilikiwa, -ake ni ya mwenye mali. Mtoto na vitabu vyake, watoto na kitabu chao. Wamiliki wasio na uhai hutumia -ake hata wakiwa wengi: miti na matawi yake.

Nomino mbili kwa kitenzi kimoja

Nafsi zikichanganyika, ya kwanza huishinda ya pili, na ya pili huishinda ya tatu. Mimi na wenzangu tuliondoka. Wewe na dada yako mtarudi lini? Wahusika wote wakiwa wa nafsi ya tatu na wenye uhai, ni wa-.

Vitu vya ngeli moja huchukua wingi wa ngeli hiyo: mwembe na mgomba imeanguka. Vitu vya ngeli tofauti huchukua vi-: Kisu, sahani na ukindu vimepotea. Wapo wanaofundisha kwamba kitenzi kifuate nomino iliyo karibu, na utakutana na sentensi za namna hiyo vitabuni. Hata hivyo, kama vi- imo kwenye majibu, ichague. Na kwa au, kitenzi hubaki umoja: Juma au Asha atakuja.

Utata wa nani ni nani

Kiswahili hakitofautishi jinsia katika a-, -m- na -ake, kwa hiyo maswali ya utata hayana mwisho. Asha alimwambia Zainabu kwamba dada yake amefaulu. Dada wa nani? Ukiulizwa maana, toa zote mbili kwa sentensi kamili, kila moja na jina la mwenye dada. Ukiulizwa uondoe utata, njia iliyo safi ni usemi halisi: Asha alimwambia Zainabu, "Dada yako amefaulu." Kurudia jina nako kunakubalika. Kuongeza huyo au yule mara nyingi husogeza utata badala ya kuuondoa.

Usambamba: weka vitu vya aina moja upande kwa upande

Anza na orodha, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Anapenda kusoma, kuandika na michezo ina vitenzi-jina viwili na nomino ya kawaida. Itengeneze: kusoma, kuandika na kucheza. Vihusishi vina kanuni ya yote au cha kwanza tu: kwa bidii, kwa makini na kwa haraka, au kwa bidii, makini na haraka. Kinachokataliwa ni kwa bidii, kwa makini na haraka.

Kazi yenyewe iko kwenye mfululizo wa vitenzi. Hapa ndipo mtu aliyezoea kusoma miongozo ya lugha nyingine hujikwaa, kwa sababu anatafuta vitenzi vinavyofanana herufi kwa herufi, nacho Kiswahili kina mnyororo wake. Kitenzi cha kwanza hubeba wakati. Vinavyofuata huchukua -ka-. Cha mwisho, kikitanguliwa na na, kinaweza kuwa ku-. Kwa hiyo aliingia, akasalimia, akaketi ni sambamba, na aliingia na kuketi ni sambamba, ingawa sura zake hazifanani. Aliingia na aliketi ndiyo inayokwaruza.

Mkaguzi aliingia darasani, ____
A. akawasalimia wanafunzi na kuketi.
B. aliwasalimia wanafunzi na anaketi.
C. kuwasalimia wanafunzi na akaketi.
D. akawasalimia wanafunzi na huketi.

B na D zimeruka kutoka wakati uliopita hadi wa sasa na wa mazoea. C imeweka ku- pasipo na na, kisha ikarudi kwenye -ka-. Mnyororo umepangwa kinyume. Jibu ni A.

Mnyororo huo wa ku- una masharti mawili. Mtendaji awe yule yule: Mwalimu aliingia na wanafunzi wakasimama, kwa kuwa wanafunzi wanahitaji nafsi yao. Na kauli isibadilike katikati: Mbegu huoshwa, hukaushwa na kupandwa inashikamana, Mbegu huoshwa, hukaushwa na wakulima huzipanda imetoka kwenye kutendwa ikaingia kwenye kutenda bila sababu.

Amri nazo zina mazoea yake. Amri ya kwanza huwa ya kawaida, zinazofuata huweza kuingia dhamira tegemezi: Soma maagizo, ujibu maswali yote, ukabidhi karatasi. Usiikatae sentensi hiyo kwa kudhani haina usambamba. Ikatae pale inapochanganya dhamira na wakati: Soma maagizo, utajibu maswali na ukabidhi.

Vishazi virejeshi vikifuatana, vipange kwa muundo mmoja. Tunamtafuta mtu anayejua kusoma ramani, mwenye subira na ambaye hachelewi ina miundo mitatu. Ikiwa hivi inatulia: anayejua kusoma ramani, aliye na subira na asiyechelewa.

Viunganishi vinavyokwenda wawili wawili

Kwenye si tu ... bali pia, tafuta neno ambalo tu imeliegemea. Linalokuja baada ya bali pia lazima liwe la aina hiyo. Hakuimba tu, bali pia alicheza: kitenzi kwa kitenzi. Hakuimba nyumbani tu, bali pia shuleni: mahali kwa mahali. Hakuimba nyumbani tu, bali pia alicheza imeahidi mahali ikaleta kitendo. Bila tu, kanuni ni ile ile: Hakuja kusoma bali kucheza.

Wala hufuata ukanushi kwa ukanushi: hakula wala hakunywa. Hakula wala alikunywa hutolewa kama jibu la kupotosha, na haistahili sekunde zako. Ama ... ama: Ama aje leo ama aje kesho, si ama aje leo au kuja kesho. Kadiri hudai -vyo- pande zote mbili: Kadiri mvua inavyonyesha, ndivyo mto unavyofurika. Wengi huandika ndivyo mto unafurika, wakasahau kwamba ndivyo imeacha mlango wazi. Na aidha, ambayo watu huitumia kama ama, maana yake ni pia au vilevile. Sentensi ya aidha uje leo au kesho ina kosa hata kama usambamba wake umekaa sawa.

Ulinganishi hukutanisha mada hizi mbili, na kwa maoni yetu ndilo swali gumu kuliko yote:

Majani ya mwembe ni membamba kuliko ____
A. mgomba.
B. wa mgomba.
C. ya mgomba.
D. yale mgomba.

A inalinganisha majani na mti mzima. B imepatana na mti badala ya majani. D ina kioneshi bila a-unganifu. Jibu ni C: ya hapa ni kiwakilishi kinachosimama badala ya majani, nacho kinafuata LI-YA wingi. Usambamba ndio unaokuambia kwamba neno linahitajika. Upatanisho ndio unaokuambia ni neno gani.

Kugeuza sentensi nzima

Maswali ya andika katika wingi huadhibu kusahau zaidi ya kutojua. Chukua Ukuta ambao fundi aliujenga una ufa mkubwa. Kabla ya kuandika chochote, weka nukta chini ya kila mahali panapobadilika: ukuta, ambao, fundi, a-, -u-, una, ufa, mkubwa. Ni mahali 8. Kisha andika: Kuta ambazo mafundi walizijenga zina nyufa kubwa. Hesabu tena. Mahali panapoachwa sana ni -u- ya yambwa, kwa sababu imejificha katikati ya kitenzi, na mkubwa, ambayo katika wingi wa U-ZI hupoteza m- na kubaki kubwa.

Kwa maswali ya kuchagua, yatazame majibu kabla ya kuirudia sentensi. Yakitofautiana kwa viambishi vya ngeli pekee, ni swali la upatanisho, tafuta nomino. Yakitofautiana kwa wakati, kauli au ku-, ni usambamba, tafuta kiunganishi. Yakitofautiana kwa yote mawili, anza na upatanisho, maana hauna mjadala na kwa kawaida huondoa majibu mawili kwa mpigo.

Katika maandalizi, kufanya karatasi za zamani peke yake hakutoshi. Chukua sentensi sahihi yoyote yenye nomino tatu za ngeli tofauti, futa kiambishi kimoja, kisha utunge mwenyewe majibu matatu ya uongo: moja la nomino jirani, moja la nomino ya katikati, moja la wingi wa nomino sahihi. Mpe mwenzako ajibu, naye akupe yake. Akikwama kwenye moja, mwambie ataje nomino ya kila jibu kwa sauti kabla hujamfunulia lililo sahihi.